Uzito Haupotei, Huhama: Uchambuzi wa Njia za Kukwea Mti Kimya

Mlio wenyewe ni mdogo mno. Ni wa karabina, ile pete ya chuma ya kunasia kamba, kugonga ufito wa alumini, mara moja tu, kabla ya alfajiri, ndani ya msitu wa mialoni kusini mwa Michigan. Mtu aliyesimama hatua hamsini kutoka hapo asingegeuza hata kichwa. Lakini ayala aliyelala kwenye kichaka cha jirani ameusikia, ameinuka, na ameondoka taratibu bila kuuonyesha mkia wake mweupe. Mwindaji aliye kwenye shina, mita tatu juu ya ardhi, hatajua kamwe kwamba asubuhi yake imekwisha kabla jua halijachomoza.

Uchambuzi huu unahusu mlio huo na namna ya kuuepuka. Mtu mmoja mwenye upinde atakweaje mti gizani hadi mita tano au sita, akae huko saa nyingi, kisha ashuke salama, bila mzigo wa kumvunja mgongo na bila kelele ya kumkimbiza mnyama? Wawindaji wa Marekani wamelihangaikia swali hili kwa miongo kadhaa, na majibu yao ni mengi. Kila mwenye njia yake huiita nyepesi na kimya kuliko nyingine. Nikizipanga njia hizo moja baada ya nyingine naona kanuni moja: uzito haupotei, huhama. Kilo inayotoka mgongoni huenda kukaa kwingine. Hukaa mikononi ikiwa ujuzi, hukaa kwenye saa ikiwa muda, au hukaa kwenye tawi ikiwa mzigo. Mara nyingine, na hapo ndipo penye hatari, hulipwa kwa kinga iliyoachwa nyumbani.

Kutoka dunguni hadi kwenye tandiko

Wakulima wetu wanaolinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe na ngedere wanalijua dungu, lile jukwaa lililoinuliwa ili mlinzi aone mbali. Wawindaji wa Marekani nao wana dungu lao, ila ni la chuma au alumini. Hufungwa kwenye shina kwa mikanda, na mwindaji hukaa juu yake akimvizia ayala mwenye mkia mweupe. Jina la ayala msomaji wa Zaburi analijua. Ni mnyama ambaye dume lake lina pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki laki chache tu nchini Marekani, kwa sababu waliwindwa kwa biashara bila kikomo. Walirudishwa na sheria za misimu, kupigwa marufuku kwa biashara ya nyama zao, na fedha za uhifadhi zinazotokana na kodi ya silaha na risasi chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30.

Wanyama ni wengi, lakini wawindaji nao ni wengi, hasa kwenye ardhi ya umma ambako kila mwenye leseni ana haki ya kuingia. Ayala wa ardhi hiyo hujifunza haraka. Wiki moja tu baada ya msimu kufunguliwa, wanalikwepa kila dungu lililo karibu na njia. Mwindaji anayetaka nafasi hulazimika kwenda mbali zaidi na kubadili mti mara kwa mara, na sehemu nyingine sheria humtaka aondoke na vifaa vyake kila jioni. Dungu la kubebeka pamoja na vifaa vya kulipandia hufika kilo tisa au kumi. Kubeba mzigo huo kilomita mbili gizani, kwenye kinamasi, ni kazi ya kumtoa mtu jasho, na jasho kwa ayala ni tangazo.

Hapo ndipo lilipoingia tandiko. Hili si tandiko la farasi. Ni kitambaa kigumu au wavu unaoshika matako na mapaja, karibu kama mbeleko inavyomshika mtoto. Kutoka nyonga moja hadi nyingine hupita kamba fupi iitwayo daraja, na daraja hilo hunaswa kwa karabina kwenye kamba ya mti, yaani kamba iliyozungushwa shina juu ya kichwa. Mwindaji huegemea nyuma kama mtu aliye kwenye bembea. Miguu yake hukanyaga jukwaa dogo lenye ukubwa wa sinia, na shina la mti hubaki kati yake na mnyama, likimficha. Tandiko lenyewe halizidi sana kilo moja na nusu.

Wazo hili si jipya. John Eberhart wa Michigan amewinda kwa tandiko tangu miaka ya 1980 na kuandika juu yake, wakati wengi walikuwa bado wanaliona kama kituko. Umaarufu ulikuja mwishoni mwa miaka ya 2010, pale kampuni changa kama Tethrd zilipoanza kuuza matandiko mepesi yaliyokamilika. Tandiko lilimaliza tatizo la kukaa juu ya mti. Tatizo la kufika huko likabaki, na sasa linaonekana wazi zaidi, kwa sababu mtu aliyepunguza kilo tano za kukalia hataki kuzirudisha kwa vyombo vya kupandia.

Anachosikia ayala

Kabla ya kuzipima njia, tujue tunajificha kutoka kwa sikio la namna gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliopima usikivu wa ayala mwenye mkia mweupe walikuta kwamba masikio yake ni makali zaidi kati ya kilohezi 4 na 8, na kwamba anasikia hadi kilohezi 30, mbali kupita mwisho wa sikio la binadamu. Maana yake kwa mpandaji ni hii: mlio mwembamba wa juu, kama wa chuma kugonga chuma, unaangukia karibu na pale penye makali ya sikio lake.

Kishindo cha buti kwenye udongo ni mlio wa chini, tena msitu umejaa vishindo. Kindi hukimbia juu ya majani makavu, matunda ya mwaloni hudondoka, matawi husuguana. Ayala anaishi ndani ya kelele hizo tangu azaliwe. Kwa hiyo ukubwa wa sauti si jambo pekee. Kuna pia ugeni wake. Msitu haujui mlio wa alumini, wala haujui mkwaruzo wa racheti, yaani kikazio cha mkanda chenye meno.

Kelele za mpandaji zina vyanzo vitatu. Cha kwanza ni chuma kukutana na chuma. Cha pili ni vifungio, yaani bizimu, racheti na ndoano. Cha tatu ni gome. Mti wa hikori, kwa mfano, una jamii ambayo gome lake hujibandua vipande virefu vinavyovunjika kwa mlio kila kamba inapovigusa, na hakuna kifaa kinachoweza kumsaidia mtu aliyechagua mti huo. Ukimya basi huanza kwenye kuuchagua mti.

Kuutoboa mti

Njia mojawapo iliyo kongwe ni kuutia mti wenyewe vipandio. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hupigilia vigingi vya miti kwenye mbuyu ili wafikie mzinga wa asali. Mbuyu una mti laini, na unajulikana kwa kuotesha gome lake upya. Wamarekani wamefanya vivyo hivyo kwa vipandio vya chuma vya kuparafujwa, au kwa kutoboa matundu na kuchomeka boliti. Kwa ukimya njia hii ni ngumu kuishinda, maana boliti iliyokwisha kukaa ndani ya mti haigongani na kitu.

Lakini mialoni si mibuyu. Tundu kwenye shina ni mlango wa kuvu na kuoza. Na chuma kilichosahaulika ndani ya mti humezwa na gome, kisha siku moja hukutana na msumeno kiwandani, ukavunjika meno au kumjeruhi fundi. Ndiyo maana Michigan, kwa mfano, inakataza vipandio vya kuparafujwa kwenye ardhi ya umma. Miiba ya buti wanayotumia mafundi wa nguzo nayo iko kwenye kundi hili hili. Nguzo ya umeme ni mti mfu, lakini mti ulio hai hupata jeraha kwa kila hatua. Kilo zilizotoka mgongoni kwa njia hii zimehamia kwenye mti, na mti ndio unaozilipa kwa miaka.

Fito nne

Njia inayotumiwa na wengi ni ya fito za vipandio. Ufito mmoja ni kipande cha alumini, kwa kawaida kati ya sentimita 50 na 80, chenye vipandio vya mguu viwili au vitatu, na hufungwa kwenye shina kwa kamba au mkanda. Mwindaji hubeba tatu au nne. Hufunga wa kwanza, hupanda, hufunga wa pili juu yake, na kuendelea. Wakati wote kiunoni ana kamba inayozunguka shina kama ile ya mafundi wa umeme, ili mikono yote miwili iwe huru kufanya kazi.

Uzuri wa fito ni kwamba akili haichoki. Ni ngazi, na kila mtu anajua kupanda ngazi. Ubaya wake uko kwenye hesabu. Fito nne ni kufunga mara nne wakati wa kupanda na kufungua mara nne wakati wa kushuka. Tena zinasafiri pamoja mgongoni na zinaning'inia pamoja kiunoni, kwa hiyo chuma hukutana na chuma kabla mti haujaguswa. Kwa kilo moja kila mmoja, ni kilo nne.

Marekebisho yamefuata njia mbili. Ya kwanza ni kuua mlio. Watu huvika fito utepe wa mpira, huondoa mikanda yenye bizimu za chuma na kuweka kamba laini ya kuzungusha na kubana, na huzipanga fito zikae mmoja ndani ya mwingine bila kucheza. Ya pili ni kupunguza idadi. Chini ya ufito hufungwa ngazi ya utepe yenye hatua moja hadi tatu. Ngazi hiyo ni nyepesi mno, hukunjwa mfukoni, na humpandisha mtu nusu mita au zaidi. Fito tatu zenye ngazi ya utepe hufikia pale palipofikiwa na nne.

Hapa kanuni yetu inajionyesha. Hatua ya utepe haijatulia kama ya chuma. Mguu ukiingia, utepe hubembea kuelekea shinani, goti hugonga gome, na mwili huyumba. Kilo iliyotoka mgongoni imehamia kwenye misuli ya tumbo na kwenye mazoezi. Asiyefanya mazoezi hayo ataulipa ufito alioupunguza kwa kishindo cha goti.

Ufito mmoja

Wengine waliuliza: ikiwa tandiko linanishika mtini wakati wote, kwa nini nibebe ngazi nzima? Si ninaweza kubeba kipande kimoja na kupanda nacho?

Tumtazame mtu huyo kwa karibu. Ameufunga ufito wake usawa wa kifua, na ngazi ya utepe inaning'inia chini yake. Anapanda hatua za utepe, anafika kwenye kipandio cha chini cha ufito, kisha cha juu. Amesimama wima. Sasa anaisukuma kamba ya mti juu hadi mkono unapofika, anaikaza, na polepole anaketi ndani ya tandiko mpaka uzito wote uwe kwenye kamba. Magoti yake yanalisukuma shina. Mikono iko huru, na ufito hauna mzigo. Anainama, analegeza kamba ya ufito kwa mkono mmoja huku mwingine umeushika usidondoke, anauinua, anaufunga tena usawa wa kifua, anavuta kuujaribu. Kisha mguu unarudi kwenye utepe, na mzunguko unaanza upya. Kwa mita sita ataurudia mara nne au tano.

Akifika juu hufunga jukwaa lake dogo na kubaki pale pale. Kushuka ni habari nyingine kabisa. Hashuki kwa ufito. Ana kamba ndefu ambayo ncha yake imeunda kitanzi cha kubana shina, na kwenye kitanzi hicho kuna uzi mrefu unaofika chini. Hutelemka kwa kifaa cha msuguano, taratibu, na akishakanyaga ardhi huvuta uzi, kitanzi kinafunguka, na kamba inamfuata.

Je, njia hii ni kimya kuliko fito nne? Tuhesabu kwa uaminifu. Kwenye kupanda anafunga na kufungua ufito mara nyingi zaidi kuliko mwenye fito nne. Kilichopungua ni vyuma vya kugongana, kwa kuwa ufito mmoja hauna mwenzake wa kugongana naye. Na kushuka kwake karibu hakuna mlio. Wepesi na ukimya si kitu kimoja, ingawa wauzaji huvitaja pamoja. Njia hii ni nyepesi kwa hakika. Ukimya wake unategemea mkono wa mwenyewe.

Kamba tupu

Mwisho wa safari hii ya kupunguza ni kuacha chuma chote cha kupandia na kubaki na kamba. Maarifa yake yametoka kwa wapanda milima, wachunguzi wa mapango na wakata miti wa mijini. Karl Prusik wa Austria alieleza mwaka 1931 fundo linalobana kamba likivutwa na kuteleza likiachwa huru, na fundo la namna hiyo bado liko kwenye kamba ya mti ya tandiko, au kifaa cha chuma kinachofanya kazi yake. Mwaka 1958 Adolf Jüsi na Walter Marti wa Uswisi walitengeneza kishikio cha kamba kinachoitwa Jumar, jina lililounganishwa kutoka majina yao. Jüsi alikuwa akichunguza tai na alihitaji kufikia viota vyao kwenye majabali. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya kumsogelea mnyama sasa kimerudi kwenye kazi ya namna ile ile.

Kwanza kamba lazima ifike juu. Mtu hurusha kifuko kidogo chenye uzito wa gramu mia tatu au zaidi kidogo, kilichofungwa uzi mwembamba, kikapita juu ya tanzu imara kwenye panda, kisha uzi ukaivuta kamba. Mchana, kwa mtu mzoefu, ni mrusho mmoja au miwili. Gizani ni bahati nasibu, na kila mrusho unaokosea huanguka kwenye majani kwa kishindo. Wanaoipenda njia hii huuweka uzi mapema na kuuacha mtini, pale sheria inaporuhusu. Hata hapo kuna kindi wanaotafuna nyuzi, hivyo uzi uliokaa wiki kadhaa haufai kuaminiwa kwa mzigo wowote zaidi ya kuvuta kamba.

Kamba ikishapita, kuna njia mbili. Kwenye kamba pacha, upande mmoja umefungwa kwa mpandaji na upande wa pili anauvuta kupitia fundo la msuguano. Anavuta mita mbili ili apande mita moja, na kwa nadharia anavuta nusu tu ya uzito wake. Kwa vitendo, msuguano wa kamba juu ya gome hula sehemu kubwa ya faida hiyo, huchubua mti na kutoa sauti ya mkwaruzo. Isitoshe, kazi hubebwa na mikono, ambayo hutoa jasho upesi kuliko miguu.

Kwenye kamba moja, kamba haisogei. Mpandaji ndiye anayesogea juu yake kwa kishikio kimoja cha mkono chenye kitanzi cha mguu, na kingine kiunoni. Anasimama kwenye kitanzi, anasukuma cha kiunoni, anaketi, anasukuma cha juu. Miguu ndiyo inayofanya kazi. Hakuna chuma kinachogusa mti, na kwa sikio la ayala hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na ukimya kamili.

Tahadhari yake ni ya kapi. Ikiwa kamba imepita juu ya tanzu na ncha nyingine imefungwa chini ya shina, tanzu halibebi uzito wa mpandaji peke yake. Linabeba pande zote mbili za kamba. Mtu wa kilo 80 analibebesha tanzu mzigo unaokaribia kilo 160. Kilo za fito zilizoachwa nyumbani zimehamia juu, mahali ambapo jicho halioni vizuri na mkono haufiki. Anayetumia njia hii akague tanzu mchana kwa darubini, atafute majani au machipukizi yanayothibitisha kuwa liko hai, na alijaribu kwa mzigo mkubwa kuliko wake kabla mguu haujaacha ardhi.

Titani, Dyneema na joto

Njia nyingine ya kupunguza uzito ni kubadili malighafi badala ya mbinu. Watu wengi hudhani titani ni metali nyepesi kuliko alumini. Ujazo kwa ujazo ni kinyume: sentimita moja ya ujazo ya titani ina takriban gramu 4.5, ya alumini 2.7. Siri ni nguvu. Titani ni imara kiasi kwamba kuta za bomba zinaweza kuwa nyembamba sana, na ufito mfupi ukashuka chini ya nusu kilo. Hapa uzito umehamia mfukoni, kwa maana halisi, kwa sababu bei yake ni kubwa.

Kwenye kamba mabadiliko ni makubwa zaidi na yanahitaji uangalifu zaidi. Kamba ya milimita 11 ya kawaida ina karibu gramu 80 kwa mita, na ya milimita 8 ina takriban nusu ya hapo. Kuna nyuzi za Dyneema, ambazo uzito kwa uzito zinazidi chuma cha pua kwa mbali na huelea majini. Wengi huzitumia kufungia fito, na zinafaa. Lakini Dyneema huyeyuka karibu nyuzi joto 145, na pia inateleza mno. Kuiweka mahali penye msuguano, kama kwenye fundo la kubana au kwenye kifaa cha kutelemkia, ni kujitafutia msiba. Kwa fundo la msuguano hutafutwa kamba fupi yenye aramidi, ambayo haiyeyuki kwenye joto la namna hiyo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hapa kamba hukatikia palipo na moto, hata kama ni nene.

Kisichobadilishwa kwa gramu

Katika uwindaji wa ayala Marekani, kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha na vifo. Wengi wa waliopata ajali hawakuwa wamesinzia juu ya jukwaa. Walikuwa wanapanda, wanashuka, au wanahama kutoka ngazi kwenda jukwaani. Hizo ndizo dakika ambazo mtu aliyejali wepesi hushawishika kuacha kamba ya pili.

Sheria ya kwanza ni fupi: usifungue kimoja kabla hujafunga kingine. Tawi likizuia kamba ya kiunoni, kamba ya pili huzungushwa juu ya tawi kwanza, inanaswa, inapokea uzito, ndipo ya chini inafunguliwa. Kamba hiyo ya pili ina gramu mia tatu au nne, na hakuna gramu nyingine katika mkoba zenye thamani kama hizo.

Sheria ya pili ni ya ulegevu. Tandiko ni kifaa cha kuegemea na si cha kudaka. Kamba zake hazinyumbuki sana. Mtu aliyeacha kamba yake ikalegea, akateleza nusu mita kabla haijakaza, hupata mshtuko mkali wa nyonga na uti wa mgongo. Kamba ikae juu ya mwili na ikaze wakati wote, hasa wakati wa kuweka ufito.

Ya tatu ni ya mti wenyewe. Mwaka 2002 iligunduliwa Michigan kwamba mbawakawa wa kijani kutoka Asia anaua miti ya ashi, na tangu hapo amesambaa na kuua mamilioni mengi. Mingine bado imesimama msituni, minyoofu, isiyo na matawi ya chini, inayoonekana kama imeumbwa kwa ajili ya mpandaji. Ni mikavu na huvunjika ghafla bila onyo. Gizani, katika miezi ambayo miti yote imepukutisha majani, ashi mfu haufanani sana na mti mfu. Kamba nzuri iliyofungwa kwenye mti mbovu haimlindi mtu.

Ya nne ni njia ya kushuka. Mwenye fito nne akiangusha mmoja, au kipandio kikimvunjikia, amenasa juu. Na mtu aliyening'inia bila kujitikisa kwa muda mrefu hukusanya damu miguuni, jambo linaloweza kumzimisha. Kamba ya kutelemkia ya milimita 8, pamoja na kifaa chake, haifiki kilo moja. Naamini ibebwe na kila mpandaji, hata yule ambaye hakukusudia kuitumia.

Nani achague nini

Aliye na shamba lake au la rafiki, anayerudi mti ule ule msimu mzima, aziache fito mtini zikiwa zimefungwa vizuri na azikague kabla ya kila kupanda. Hana haja ya titani. Anayewinda ardhi ya umma karibu na barabara, na anayeanza kujifunza, atumie fito tatu zenye ngazi ya utepe. Akiwa amefungwa kiunoni wakati wote, makosa yake mengi yatakuwa ya kelele tu. Anayekwenda mbali na kubadili mti kila siku atafaidika na ufito mmoja, akishafanya mazoezi nusu mita kutoka ardhini mpaka mikono ijue kazi bila macho. Aliyeuchagua mti wake mchana na kuuandaa, kamba moja itampa ukimya ambao njia nyingine hazina.

Mimi ningeegemea upande wa ufito mmoja, na sababu yangu si uzani wake. Njia hiyo humlazimisha mtu kuning'inia kwenye kamba yake kila mita moja na kitu ya kupanda, na humlazimisha kubeba kamba ya kushukia. Usalama wake uko ndani ya mwendo wenyewe, haukuongezwa pembeni.

Nimekuwa nikimfikiria mkwezi wa minazi wa pwani yetu tangu mwanzo wa uchambuzi huu. Vyombo vyake ni vyepesi kuliko vya Mmarekani yeyote: kitanzi cha miguuni, panga kiunoni, na pengine vidato vilivyochongwa kwenye shina. Anapanda kimya na kwa kasi ambayo hakuna titani itakayoinunua. Lakini kilo zake nazo zimehama. Zimehamia kwenye miaka ya ujana aliyoitumia kujifunza, na kwenye kiuno kisichofungwa popote. Mguu ukiteleza kwenye kidato chenye unyevu, hakuna kinachomshika.

Na mnazi hauna matawi. Ile kamba ya kiunoni ambayo mwindaji wa Michigan hulazimika kuifungua na kuifunga kila tawi linapomzuia, mkwezi angeisukuma kutoka chini hadi kwenye makuti bila kuifungua hata mara moja. Ikifungwa kwa kitanzi cha kubana, cha kulikaba shina pale uzito unapoiangukia, ingemzuia asiteremke nayo mpaka chini. Ni mita mbili au tatu za kamba, fundo la Prusik na mkanda imara. Wawindaji wametumia miaka mingi na fedha nyingi kujua ni gramu zipi za kuacha. Mkwezi angefaa kupewa hizi chache ambazo wao wamejifunza kutoziacha.